Shefu wa Kompresa

"Yaya Germaine, ile barua, nani aliwasomea?"

Swali hilo Ngosa, jirani wa ukuta kwa ukuta aliyemwita Germaine yaya, dada mkubwa, aliliuliza siku ya karamu, mkono wake ukiwa bado ndani ya sahani ya nyama ya mbuzi. Germaine alicheka kwa nguvu.

"Katekista Edouard! Tena alisoma mara mbili, juu bantu bote basikie."

Ngosa akalamba vidole, akaenda kwake.

Basi, msomaji, unakumbuka tulipofika. Na wewe uliyetukosa, vuta kiti, habari si ndefu. Godefroid Banza, mume wa Germaine, alikuwa mtu wa kompresa, ile mashini ya hewa inayosukuma vyuma vya kutobolea mawe, kule machimbo ya Lambrecht, njia ya Kipushi. Mzungu mkubwa wa mashini alikimbilia Rhodesia siku za mizinga. Mwezi mmoja nyuma Godefroid akapewa barua ya Kifaransa. Katekista Edouard akaona ndani yake maneno mawili manene: "licencié" na "compression".

Licencié! Si ndicho cheo wanachorudi nacho wale waliosoma chuo kikuu cha Lovanium, wanaopewa motokari? Na compression, hata mtoto wa kambi angekuambia, ni kazi ya kompresa. Basi Godefroid amepanda. Amekuwa mkubwa wa mashini mahali pa mzungu. Mbuzi akachinjwa, misa ya shukrani ikasomwa, kambi ikaimba, na tangu siku ile watu wakamwita Shefu, yaani mkubwa.

Tukaachana pale pompi ya maji, asubuhi ya siku ya posho, Ngosa amemshika Germaine mkono, ndoo imeanguka chini, na neno limekwisha kumtoka:

"Licencié haiko kupanda, yaya. Ni kufukuzwa."

Maji yalikimbia yakafika vidoleni mwa Germaine. Hakusogea.

"Unasema nini, Ngosa?"

"Ninasema ile bwana yangu aliandika. Musonda eko karani ya biro, mu ofisi ya kampuni, unajua. Njo yeye alipiga ile barua na vidole yake. Barua kumi na mbili. Ya Baba Mujinga, bwana yako, ilikuwa ya tano."

"Bure. Compression ni kompresa."

"Hapana, yaya. Compression ni kukamua. Sawa unakamua nguo, maji inatoka. Banakamua kampuni, bantu banatoka. Tangu vita hakuna barabara inajengwa. Mawe, nani anaitaka?"

Germaine alitafuta mahali pa kukaa. Hapakuwapo. Akaigeuza ndoo, akaikalia, kama mama aliyefiwa.

"Na weye ulikula mbuzi yangu."

"Nilikula."

"Ulijua, na ukakula."

"Nilikuuliza, yaya!" Machozi yalikuwa karibu kumtoka Ngosa. "Nilikuuliza nani aliwasomea. Nilizani utashituka. Ukacheka. Bantu bote banaimba, katekista anapiga mikono, mi nisimame katikati niseme nini? Na Musonda alinikataza, asema maneno ya biro haitoke inje."

"Basi leo juu ya nini unaniambia?"

"Juu leo njo mwisho. Ile barua ilikuwa na préavis, mwezi moja ya kutafuta kazi ingine. Inaisha leo. Na nyumba..."

"Nyumba nini?"

"Nyumba iko ya kampuni, yaya. Kazi ikiisha, ufunguo unarudia ku biro. Kazi moja, asubuhi."

Kazi moja! Leo siku ya posho, kesho siku ya Mungu, kesho kutwa kazi moja, juma linaanza. Siku mbili tu.

Vyumba viwili vya matofali. Bati lenye matundu mawili ya vita ya Desemba, Godefroid aliyaziba kwa lami. Mle ndani ndimo alimozaliwa Mujinga, mtoto wao wa pekee aliye hai, mwenye miaka minne. Wakitoka mle waende wapi? Kwao Kabongo treni ilikuwa haifiki tena, na habari zilizotoka kule zilikuwa za moto na za vilio. Nyumba ile ndiyo ilikuwa kijiji chao.

"Yeye hajue," Germaine alisema polepole. "Ngosa, bwana yangu hajue. Ametoka na kravati yake asubuhi hii. Nani atamwambia?"

Ngosa alimshika mkono, akamwinua.

Mtu akifiwa, watoto bado wanakula. Germaine alifunga kitambaa kichwani, akachukua mfuko, akaenda kupanga mstari wa posho kama kila juma. Huko njiani salamu zilimfuata.

"Mama Shefu! Wa asubuhi!"

"Mama Shefu, tutakula tena lini?"

Kila salamu aliipima. Huyu anajua? Yule anacheka? Alikuwa akisali Salamu Maria kimoyomoyo, na kila alipofika "saa ya kufa kwetu" alisahau linalofuata, akaanza upya.

Zamu yake ilifika. Kapita wa posho, mzee mwenye jicho moja la ukungu, alimpimia unga, maharagi, samaki wa chumvi watatu. Kisha akachukua kadi yake, asiitoboe kama siku zote. Akaitia ndani ya sanduku.

"Kadi yangu, baba."

"Inabakia hapa, mama."

"Namna gani?"

Mzee aliangalia nyuma yake, mstari ulikuwa mrefu, akashusha sauti. "Bwana yako hakukuambia? Yeye mwenyewe alikuya hapa juma mbili zilizopita kuniuliza. Asema: baba, ile posho yangu ya mwisho itakuwa siku gani? Nilimwambia, ni ya leo."

Msomaji, hapo ndipo Germaine aliposhikilia meza. Si kwa sababu ya kadi.

Godefroid alijua!

Alijua, na kila asubuhi akafunga kravati mbele ya kioo kile kidogo. Alijua, na kila jioni akachelewa, na akiulizwa anasema, "Kazi ya mukubwa haina saa." Alijua, na juzi tu alimbeba Mujinga begani, akamwambia, "Sema Shefu!" na mtoto akasema.

Saa sita king'ora cha machimbo kililia. Wanaume wakarudi kambini, weupe wa vumbi kama waliopakwa unga. Germaine alikuwa amesonga bukari, ugali wa kwetu, amepika sombe ya majani ya muhogo. Aliweka sahani mbele ya mumewe, nyingine mbele ya Antoine.

Huyo Antoine ni mdogo wake Germaine, tumbo moja. Miaka miwili nyuma Godefroid alimtoa mjini akizurura bila kazi, akamtia machimboni, akamfundisha kompresa kwa mikono yake mwenyewe, akampa chumba cha pili alale. Kijana mzuri, mpole, suruali yenye mkunjo. Baada ya Pasaka alikuwa amuoe Régine, binti wa fundi wa reli.

Godefroid alifanya ishara ya msalaba, akasali. "Utupe leo mkate wetu wa kila siku." Antoine akajibu amina. Germaine hakujibu.

"Mama Mujinga, haunaitikia?"

"Kapita ya posho amebakisha kadi yetu."

Nje watoto walikuwa wakigombania kopo. Godefroid alilegeza kravati, akaivua, akaikunja taratibu, akaiweka pembeni ya chumvi.

"Basi unajua," alisema.

"Mi nimejua leo. Weye tangu lini?"

"Kazi moja ile ya kwanza, siku iliyofuata ile misa ya shukrani. Nilivaa vizuri, nikaenda kwa patron, muzungu ya kampuni, kumwambia merci, asante."

"Merci?"

"Merci, mama. Nilisimama mbele ya meza yake, kofia mu mikono. Nikasema: patron, merci mingi kwa cheo, sitakufezehesha. Muzungu alitosha miwani ku macho. Akaita Musonda anielezee kwa Kiswahili. Musonda akafungua kinywa, akakifunga. Bote wawili balikuwa bananiangalia sawa bantu banaona maiti inasema."

Germaine alifunika mdomo kwa kanga.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia siku gani? Ulikuwa umesimama mu kanisa mbele ya bantu bote, ukatoa shukrani, ukaimba mpaka machozi. Tangu mtoto wetu wa kwanza afe, mi sikukuona ukiimba. Nikasema, acha aimbe kidogo. Mi nitapata kazi ingine mbele ya mwezi kuisha, na hatajua kitu."

"Kumbe kule kuchelewa..."

"Nilikuwa ninatembea. Ku reli, hakuna. Ku kiwanda ya mafuta, hakuna. Magaraji ya mu ville, mujini kote, mlango kwa mlango. Juzi nilifika Kipushi na miguu. Banauliza: unajua nini? Ninasema: kompresa. Banasema: baba, bantu ba mashini wamejaa mu barabara sawa mbwa."

"Na machimboni? Balikuita Shefu, mwezi muzima!"

"Balijua bote. Wengine baliniita vile kwa kunicheka, wengine kwa huruma." Godefroid alitabasamu, tabasamu baya kuliko kilio. "Mwishoni nilishindwa kutenganisha. Nikaitika tu."

Antoine alikuwa ameinamia sahani. Na hapo, jambo likamgonga Germaine kichwani kama mlango.

"Ngoja kwanza," alisema. "Pale kompresa mulikuwa wawili. Weye una miaka kumi na moja ya kazi. Antoine ana miwili. Kama banakamua moja, juu ya nini banakukamua weye?"

"Acha hiyo, Mama Mujinga."

"Sitaiacha."

"Nimesema acha. Shemeji anakula."

"Baba Mujinga, ninakulomba mbele ya Mungu. Sema."

Godefroid alitazama ukuta, si mke, si shemeji. "Mwezi wa kwanza patron alikuya pale mashini. Tulikuwa tumesimama bote wawili. Akaniuliza: kati yenu, nani anajua mashini zaidi? Basi ningesema nini? Niseme shemeji yangu hajue? Mbele ya macho yake? Nikasema: ni huyu, patron. Huyu ananishinda."

Wenye kukulia kwetu hawahitaji kuelezwa. Hiyo inaitwa buko, heshima ya ukwe. Kaka wa mkeo humshushi mbele ya watu. Unampa kiti kizuri, unampa kipande kinono, unamsifu. Lakini buko ina miguu miwili. Ukimsifu shemeji, naye anajibu palepale: hapana, shemeji ndiye mkubwa wangu, mimi ninajifunza kwake. Ndivyo sifa inavyorudi kwa mwenyewe, na hakuna aliyeibiwa.

"Nilingojea aseme yake," Godefroid alisema.

Germaine alimgeukia ndugu yake. "Na ulisema nini, Antoine?"

Antoine alisogeza sahani yake.

"Antoine. Ulisema nini?"

"Nilisema: oui, patron. Ndiyo."

"Oui?"

"Yaya, muzungu aliuliza na Kifaransa!" Antoine aliinua uso, macho mekundu. "Na Kifaransa hakuna buko. Anauliza, unajibu. Nilijua mi kama iko neno ya kufukuza bantu? Ningekataa, angesema huyu hajue kazi, atoke. Na Régine? Na baba yake mwenye kuniambia kila siku: hauna kazi, hauna muke?"

"Amekulea huyu! Amekulisha mu hii sahani!"

"Ninajua."

"Haujue kitu!"

"Mama Mujinga," Godefroid alisema, sauti chini, "ni mi nilijitosha ku kazi. Ulimi yangu njo ilinitosha. Usimwangushie kosa mutoto ya mama yako."

Mlango ulisukumwa. Alikuwa Ngosa, anahema, kanga imemfunguka kiunoni, hata hodi hakupiga.

"Yaya, nimemuuliza Musonda. Nimemubana mpaka amesema. Nyumba yenu, muntu mwenye kuingia kazi moja..." Akamwona Antoine mezani. Akakata neno.

"Nani?" Germaine alisimama. "Sema, Ngosa. Nani?"

"Ah, yaya. Nitakuya tena kisha."

"Ngosa! Mara ya kwanza uliniuliza badala ya kuniambia. Leo niambie."

Ngosa alimnyoshea Antoine kidole, bila kumtazama. "Njo yeye. Alilomba nyumba juma tatu sasa. Juu ya ndoa. Bamekubali."

Hebu niambie, msomaji, wewe ungefanyaje? Godefroid alifumba macho. Lakini Germaine, moyo wake uliruka upande mwingine kabisa! Alipiga magoti palepale penye sakafu, akashika miguu ya ndugu yake.

"Asante Yesu! Antoine! Kumbe njo maana ulinyamaza! Ulituombea nyumba, mutoto ya mama! Baba Mujinga, unasikia? Hatutoki! Chumba ile ya pili tutachukua sisi, ya mbele atakaa yeye na Régine. Mi nitampikia Régine, nitamufulia. Weye utatafuta kazi polepole, hata mwaka muzima. Ee Bikira, na mi nilikuwa ninamutukana!"

Alikuwa analia na kucheka. Godefroid alifumbua macho, akamtazama shemeji yake, na kwa mara ya kwanza mwezi ule mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Shemeji," alisema, "kama ni vile, Mungu akubariki."

Antoine hakusema amina.

Ngosa bado alikuwa mlangoni. Hakufurahi pamoja nao. Alikuwa akipinda ncha ya kanga yake, anaipindua, anaipinda.

"Yaya," alisema, "ile karatasi ya nyumba... Musonda asema juu yake banaandika majina. Majina ya bantu batalala ndani. Tangu vita, iko sharti mupya. Muntu mwenye haiko na jina pale, polisi ya kambi inamutosha inje, hata kama ni mama mukwe."

Kicheko cha Germaine kilikauka. Bado alikuwa amepiga magoti. Aliinua uso, akamtazama ndugu yake kutoka chini, kama vile mtu anavyotazama sanamu altareni.

"Basi uliandika yetu," alisema. "Si ndiyo, Antoine? Uliandika majina ngapi?"

Antoine alipangusa mikono, kidole kwa kidole.

"Uliandika ya Baba Mujinga?"

Antoine alisimama.

"Basi hata kama ya Baba Mujinga haiko, yangu? Mi yaya yako. Niliandikwa?"

Godefroid alimshika mkewe bega. "Simama, mama. Inatosha. Simama."

Hakusimama. Toka chumba cha pili Mujinga alikuwa ameamka, anaita mama kwa sauti ya usingizi. Antoine alinyosha mkono, akachukua kofia yake kwenye msumari.

"Ya mutoto tu," Germaine alisema. "Antoine. Ya Mujinga tu. Uliandika ya Mujinga?"

Antoine alivaa kofia, akainama kidogo kumpita Ngosa pale mlangoni, akatoka juani, asigeuke hata kwa sauti ya mtoto.